Ukuta wa Jiko Langu

Nilimwajiri aoshe masufuria.
Hakuniambia kwamba mkaa, mkononi mwake, una kazi ya pili.

Asubuhi ya Jumanne nikakuta ukutani mlango
usiokwenda popote:
mbao tatu, kufuli,
na kandambili kizingitini, moja imepinduka.
"Atija, nani kakutuma?"
Akaendelea kusugua. "Ni wa bi Muanema," akasema Kimakonde,
Kimakonde kile kile chetu cha Mahurunga,
ila chake kilivuka Ruvuma usiku.

Basi wakaanza kuja, watu wa ng'ambo,
wale waliozoea kula ming'oko yangu kimya
na kulipa sarafu moja moja.
Hawakuagiza moto. Moto kila mtu alikuwa nao.
Waliagiza cherehani yenye pedali iliyofungwa kamba,
na mkorosho uliokuwa kulia kwa kisima.
Kulia, binti, si huko. Huko kulikuwa kwa mashemeji.
Bi Muanema alisimama mbele ya mlango wake hadi adhuhuri.
"Wangu ulifungukia nje."
Atija akaufuta kwa mate na kidole gumba,
akaufungua upya.

Ntaluma aliomba achorewe mwanawe.
"Masikio yake yalikuwaje?"
Akafungua mdomo.
Akaagiza chai.
Pale ukutani pamebaki nafasi, kimo cha mtoto wa miaka kumi.
Haegemei mtu pale, hata walevi.

Korosho zilipolipa, mume wangu alileta chokaa.
Ndoo ipo nyuma ya mlango hadi leo, imeganda.
Mvua za Desemba zikapiga upande ule,
mkaa ukachuruzika mpaka kwenye msingi,
kuku wakapita juu yake na kuondoka na miguu myeusi.
Yeye akangoja ukuta ukauke.
Akaanza na cherehani.

Jana nanawa mikono, nikaliona.
Birika langu.
Mpini ule ule nilioufunga waya mwaka wa msiba wa mama,
kibonyeo kile kile tumboni,
limekaa kati ya kisima na kufuli
kama lililozaliwa huko.
Miguu ikaniisha nguvu.
"Atija, hili halijapotea! Lipo jikoni. Linachemka."

Hakugeuka.
Alikuwa anatafuta kipande cha mkaa chenye ncha.
"Na la kwetu," akasema, "nililiacha linachemka."