Wastani wa Kikohozi

Glasgow, Novemba. Jengo letu lina ghorofa kumi na nne
na ukuta wa kaskazini umeota ndevu nyeusi.

Barua tulikwisha andika.
Morag wa ghorofa ya tisa aliandika kwa wino wa buluu,
akalitaja pafu la marehemu Dougal
kama amtajaye jirani.
Akajibiwa: fungua dirisha.

Basi nikatwaa daftari la miraba,
mimi niliyefundisha hesabu Korogwe kabla magoti hayajachoka,
nikabisha mlango kwa mlango:
Usiku wa jana mmekohoa mara ngapi?
Tesfalem akacheka, halafu akakohoa. Nikaandika moja.
Mtoto wa Iryna hajui kuhesabu kupita kumi;
akaniambia kumi, na kumi, na kumi nyingine.

Wiki tatu. Mistari mia nne na kumi na sita.
Niliiokota kama mtu aokotaye mchele uliomwagika sakafuni,
nikaitenga kwa pande za jengo,
nikajumlisha, nikagawanya kwa vichwa.
Kusini: tatu nukta mbili kwa usiku.
Kaskazini: kumi na tisa.

Nani hukohoa nukta mbili?
Hayupo. Wastani ni mpangaji asiyekaa popote,
hana ufunguo, hadaiwi kodi,
lakini ndiye aliyekaribishwa ofisini akapewa kiti.

Nilichora nguzo nne. Tatu fupi kama vigoda,
ya nne ikakaribia kichwa cha karatasi.
Afisa wa nyumba akavua miwani, akaivaa tena.
"Hii," akasema, "hii ni kubwa."
Morag alikuwa kando yangu, mkoba magotini.
Mwaka mzima alikuwa akimwambia hivyohivyo,
kwa maneno.

Mafundi wataanza Februari. Tumepewa tarehe, na muhuri.

Kwenye lifti akaikunjua karatasi.
"Dougal yuko wapi hapa?"
Nikaonyesha nguzo ya kaskazini. Nilidanganya.
Aliyekufa hakohoi.
Sikumhesabu hata kwa sifuri,
na ningemwandika sifuri
nguzo ingeshuka.

Nadhani alijua. Kidole chake kilipanda,
kikapita wino, kikapita mstari wa juu,
kikatua pale penye weupe mtupu.
Nami, mwalimu, niliyewachapa watoto wa watu
kwa kuchora kisichokuwamo kwenye hesabu,
nikakiacha kidole kikae.

Mlango ukafunguka. Ghorofa ya tisa.
Harufu ileile.