Shimo la Theluji

Mgeni akiingia hutazama juu,
kwenye boriti zilizochorwa maua mekundu,
halafu kibla, vigae vya feruzi na vya rangi ya biringani,
halafu mimbari ya mjozi isiyo na msumari hata mmoja.
Shimo huliona mwisho, akiwa karibu kutumbukia,
ndipo huniuliza: hapa palikuwa na kisima?

Hapana. Hapa palikuwa na majira ya baridi.

Nguzo hizi ni mierezi. Zilikatwa mlimani
zama ambazo amiri wa mji huu, kwa mkono mmoja,
aliwalipa Wamongolia kodi, na kwa mwingine akajenga.
Wazee husema (nami sina hati ya kuthibitisha)
magogo yalilazwa ziwani miezi sita, yakinywa,
maana mti uliozoea ukungu ukiutia pakavu
hukasirika, na hasira ya mti ni ufa.
Basi seremala, ambaye jina lake halikuandikwa popote
ingawa la amiri limechongwa mara tatu mlangoni,
aliacha paa wazi katikati, upana wa mkeka wa watu wawili,
na chini yake akachimba.
Theluji ya paa zima ilisukumwa humo.
Ilikaa hadi Mei, ikiyeyuka kama mtu avutaye tasbihi,
na nguzo zikavuta pumzi yake.
Miaka mia saba. Hakuna dawa nyingine.

Baba yangu aliitwa Satılmış. Aliyeuzwa.
Bibi alikuwa amezika wana watatu kabla yake.
Huyu wa nne alimleta mlangoni, kitovu kikiwa bado kibichi,
akamwuza kwa msikiti kwa konzi ya chumvi,
ili kifo kikipiga hodi kiambiwe:
si wetu, kamwulize mwenyewe.
Chumvi ikaliwa. Baba akaishi.
Deni alililipa kwa sepetu ya mbao
(chuma hujeruhi udongo wa paa)
kila alfajiri ya theluji, tangu miaka tisa.
Mimi nilisimama chini nikipaza sauti:
bado, bado, kuna mtu anasali!
Naye alingoja, ndevu zimeganda,
hata aliyesujudu akatoa salamu, akasogea,
na theluji ikashuka kwa sauti nisiyoisikia tena popote:
puu,
kama dunia imeketi.

Mwaka niliomzaa Gülsüm wakaja wahandisi.
Watu wema. Walivua viatu, walikunywa chai yetu.
Wakaweka kioo juu ya tundu, shaba juu ya udongo,
na mabomba ya joto chini ya mazulia
kwa ajili ya magoti ya wazee.
Nani angekataa? Magoti ya Baba yalishukuru mbele ya mengine yote.

Wahenga walimwonya asiyeziba ufa.
Sisi tuliziba tundu, tukajenga ufa.

Wa kwanza ulilia usiku wa Ramadhani,
nguzo ya tano, safu ya mbele,
mlio mkavu, kama mtu anayealisha vidole.
Imamu akasita katikati ya aya.
Baba aligusa ule mstari kwa ukucha.
Majira yaliyofuata ukucha ukaingia.
Yaliyofuata, kidole.

Hakusema neno. Ila usiku ule alirudi nyumbani
koti limelowa kifuani, na sufuria ya mama haikuonekana
hadi niliposafisha msikiti siku ya Alhamisi
nikaikuta shimoni, maji yamejaa nusu.

Sasa hayupo. Gülsüm amesomea mbao kule Konya;
amewaandikia wakubwa barua nne, amejibiwa moja.
Ametundika kijisanduku kwenye nguzo ya tano,
kinapima unyevu wa hewa kwa namba za kijani.
Mimi sielewi barua. Mimi nina ndoo.
Baada ya isha, mlinzi hujifanya anafunga kamba za viatu,
nami napita.

Jana, ndoo kumi na moja. Namba ilipanda kwa moja,
ikasimama, ikashuka alfajiri.
Leo theluji imeanguka tena.
Sijui konzi ya chumvi ni ndoo ngapi.