Makadirio ya Ukuta

Nilikuja na futi kamba, sikuja na kamera.
Halmashauri imeniita nikadirie ukuta wa mashariki,
ule ulioanza kutoa tumbo tangu mvua za mwaka juzi.
Hata hivyo kijana wa getini akanikatia risiti,
elfu mbili, mtalii wa ndani.
"Mimi fundi," nikamwambia.
"Fundi naye anaangalia," akasema, akagonga muhuri.

Ngome haina paa. Jua la Mpwapwa linaingia
bila kukatiwa chochote.
Mzinga umelala uani juu ya matofali ya saruji,
mdomo umeelekezwa Kiboriani,
na ndani ya mdomo huo nyuki wadogo wameweka nta.
Kibao kinataja mwaka, kinataja unene wa kuta,
kinamtaja kapteni, na farasi wa kapteni.

Mimi husoma jiwe.
Hapa alijenga mtu wa mkono wa kushoto:
tazama mwiko ulivyovutwa.
Hapa palijengwa kwa haraka, labda jua likizama,
labda mtu kasimamiwa;
vijiwe vimejazwa mahali pa jiwe moja kubwa
kama mtu anayejibu swali kwa maneno mengi.
Na hapa, chini ya tundu la bunduki,
kwenye chokaa iliyokauka kabla babu yangu hajatahiriwa,
alama ya kidole gumba. Nzima, na mistari yake.
Nikaweka changu. Hakikuenea.
Cha mwanamke, au cha mtoto.
Kibao hakikutaja.

Wanafunzi wa darasa la tano wakapita
na mwalimu wao Ndahani, soksi zimejaa mbigili.
"Hapa walipigana Wajerumani na Waingereza."
Msichana mmoja akanyoosha mkono:
"Sisi tulikuwa upande gani?"
Mwalimu akatazama mzinga, akatazama saa.
"Sisi," akasema, "tulibeba."
Wakaandika. Nilisikia penseli zote pamoja.

Kwenye jukwaa la mzinga Bi Sechelela ameanika uwele.
Yeye ndiye mfagizi, na ofisi imemwonya mara tatu
kwamba makumbusho si uwanja wa kupuria.
"Bibi yangu alizaliwa wakati wa Mtunya,"
akaniambia, akigeuza punje kwa unyayo,
"njaa ile ya vita. Ghala za huku kwetu ziliingia humu
gunia kwa gunia, ng'ombe wakifuata nyuma,
na hakikutoka kitu ila moshi wa jiko lao.
Watu walitafuna ngozi za kulalia."
Akainama, akaokota kijiwe, akakitupa.
"Naanika hapa makusudi. Ukuta uuone."

Saa nane nikakaa chini ya tumbo la ukuta,
si jambo la busara, lakini kivuli kilikuwa hapo tu,
nikafungua daftari.
Saruji: hapana. Italibana jiwe hadi lipasuke.
Chokaa ya kuchoma, mifuko sitini.
Mchanga wa mtoni, tripu tatu.
Udongo wa kichuguu. Maji, kwa punda.
Kidole gumba: kisiguswe.
Wabebaji wa mawe, wanne, siku ishirini,

na hapo kalamu ikasita.
"Bi Sechelela! Wale walilipwa ngapi?"
"Wepi?"
"Wa zamani. Waliobeba."
Akasimama na ufagio, akafikiri
kama mtu anayetafuta chenji kwenye kanga.
"Waliambiwa wasubiri."

Nikaandika elfu kumi na mbili kwa siku.
Nikakata.
Nikaandika kumi na tano, na pembeni,
kwa herufi kubwa ili mhasibu asijifanye hakuona:
WALIPWE KILA JIONI.