Karani wa Mizani

Miaka thelathini na moja nilipima shaba.
Nilijua uzito wa gari kwa mlio wa sahani
kabla mshale haujatulia.
Kilo ilikuwa kilo Likasi, kilo Kipushi,
kilo hata usiku wa mgomo, taa zimezimwa.
Ndiyo maana hesabu hii hainipi usingizi.

Tulianza watatu, hapa hapa Kamalondo,
kila mtu na ndoo yake gizani,
saa nane, saa tisa, saa kumi na robo,
kila mtu akidhani ni uzee tu
na akiona aibu kumwambia jirani
anayesikia matone yake kupitia ukuta.

Mwepu ana mtoto Afrika Kusini.
Alipigwa mionzi mara thelathini na tisa,
kidogo kidogo, kama mtu anayepuliza uji.
Mimi nilivuka Kasumbalesa kwa basi
juu ya mto alionishonea Bupe, mke wangu.
Nikapewa ishirini, nzito nzito.
"Ni sawa tu," alisema daktari.
Nikauliza: sawa kwa mizani ya nani?
Alicheka. Alikuwa mtu mwema, na foleni ilikuwa ndefu.

Mwepu aliambiwa: kunywa chupa nzima, uje kibofu kimejaa.
Mimi: nenda chooni kwanza, uje mtupu.
Yeye ana vidoti vitatu vya wino ngozini, vya kudumu.
Mimi nilichorwa msalaba kwa kalamu.
Jasho likaufuta Ijumaa,
Jumatatu kijana mwingine akauchora upya,
nami nikalala pale, suruali magotini,
nikiwaza: ni palepale?

Yeye, sindano za kuzima homoni miaka miwili.
Mimi, miezi sita.
Anaamka amelowa jasho kama mama wa makamo,
na bado ananionea huruma mimi.

Kaumba hakuvuka.
Pasaporti yake ililala mezani pa mtu
mpaka mfupa wa kiuno ukaanza kumwuma.
Wakamkata asubuhi, jioni alikuwa nyumbani
akila bukari na sombe.
"Karani," aliniambia, "andika upungufu.
Mzigo umefika bila vitu viwili."
Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kutazama.

Nina daftari la zamani, lenye mistari ya kampuni:
Jina. Uzito wa kuingia. Uzito wa kutoka. Tofauti.
Mwepu, damu yake imeshuka. Yangu pia, karibu.
Ya Kaumba haijapimwa, dawa ya kupimia imekwisha
tangu mvua za kwanza.
Safu ya mwisho nimeiacha wazi.
Sikuwahi kuacha safu wazi kazini.

Jumapili tunakunywa munkoyo kwa Kaumba.
Tunakwenda nyuma ya ukuta kwa zamu,
na hakuna anayemwuliza mwenzake
mbona umekawia.
Mimi nahesabu.