Kiriba

Jedwali alinipa Mwalimu Mwandoe
siku ya kuniaga pale Wundanyi:
sura tatu kila siku, tano Jumapili,
na mwaka ukiisha, Biblia imeisha.
Nikalikunja, nikalitia ndani ya pasipoti.

Mwaka wa kwanza hapa Ibra nilisoma
kama mtu anayelipa deni la duka.
Usiku, sufuria zimekauka,
mashine ya nguo imenyamaza,
kati ya gunia la mchele na kiyoyozi chenye kikohozi
nilitia tiki, nikazima taa.
Ungeniuliza asubuhi nimesoma nini
ningekuonyesha tiki.

Aliyenivuruga ni Bi Zuwena, mama wa mwenye nyumba,
mzaliwa wa Ng'ambo, Kiswahili chake bado kina tui,
macho yamefunga ukungu,
masikio hayajapata kuzeeka.
"Unanong'ona nini humo?
Kama unanisengenya, nisengenye kwa sauti."
Kitabu nilikwisha kukifunika kanga.
"Nasoma, Bibi. Chuo cha kwetu."
"Basi soma nisikie. Usingizi ulinihama tangu Rajabu."

Nikasoma mbio, kama kawaida yangu:
mjakazi, mtoto, mkate, kiriba cha maji, jangwa...
"Ngoja. Kiriba unakijua?"
"Ni chombo, Bibi."
"Chombo gani?"
Kimya. Mara ngapi nimelivuka neno hilo
kama nivukavyo falaji nyuma ya nyumba,
ndoo kichwani, nisitazame chini.

"Ngozi ya mbuzi, mwanangu. Ami yangu alikuwa nacho,
kimening'inia mlango ule pale.
Kinatoa jasho. Maji yake yana harufu ya zizi.
Kikijaa, mwanamume hukibeba akinung'unika.
Huyo walimtwika wapi?"
Nikarudi kwenye mstari.
Begani.
Ilikuwa imeandikwa siku zote.

Ijumaa wakaenda wote shambani kwenye mitende.
Nikajaza dumu la lita kumi, nikaliweka begani,
nikatoka mlango wa uani, saa sita, mwezi wa sita.
Hatua mia mbili na kumi na mbili.
Saruji iliuma kupitia ndara.
Maji yalicheka ndani ya dumu, mimi sikucheka.
Na mimi nilikuwa na pa kurudi.

Nikaketi kwenye kivuli cha tangi la jirani,
na hapo ndipo sura ile iliponigeukia.
Mama yule alimlaza mwanawe kichakani,
akaenda kukaa mbali, asimwone.
Mghoi wangu ana miaka minne.
Nilimlaza kwa dada yangu, alfajiri, hajaamka,
nikaenda kukaa mbali,
mbali kiasi cha bahari moja,
nisimwone akilia.

Usiku ule sikutia tiki.

Sasa ni usiku wa kumi na moja, sura ni ile ile.
Naandika kwa penseli nyuma ya risiti za sokoni:
Mkate ulikuwa mzima au kipande?
Aliufungasha nani?
Yule bibi mwenye nyumba, usiku ule, alilala?
(Hili Bi Zuwena sikumsomea.)
"Kwetu sisi alikimbia," aliniambia jana,
"huku na huku, vilima viwili."
"Kwetu alikaa, Bibi, akalia."
Akafikiri, akitafuna tende bila meno.
"Pengine alichoka kukimbia."

Mwalimu Mwandoe ametuma ujumbe:
Wakio, umefika kitabu gani?
Nimehesabu. Niko nyuma sura thelathini na tano.
Nikamwandikia: Bado nimebeba kiriba.
Hajajibu.

Fimbo inagonga ukuta.
"We Wakio! Kile kisima,
kilikuwapo pale tangu mwanzo, au kilizuka?"
Nimeisoma habari hii tangu utotoni
na sijui.
"Ngoja, Bibi," nasema, nikipapasa swichi.
"Ngoja niwashe taa."