Buti Mbili za Kushoto

Kaka yangu Tornike aliandika ratiba kwa rula.
Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri: kuondoka Kutaisi.
Saa sita mchana: Mestia, supu.
Jumamosi: kupanda hadi maziwa ya Koruldi,
mapumziko mawili, dakika kumi na tano kila moja.
Hata kucheka, nadhani, kulitengewa nafasi
mahali fulani kati ya saa tisa na saa tisa na robo.

Gari lilikuwa Niva ya marehemu baba,
rangi ya haradali, mlango wa nyuma umefungwa kamba.
Tangu mazishi hatukuwahi kukaa karibu hivyo,
na katikati yetu ile nyumba
aliyotaka iuzwe, nami sikutaka.
Hatukuitaja. Tulitaja hali ya hewa.

Tulipoipita Zugdidi mkanda wa feni ukakatika.
Mvuke, halafu kimya, halafu nguruwe watatu
wakaja kututazama bila haya.
"Vua soksi," akasema.
"Zipi?"
"Hizo ndefu za nailoni. Baba alifanya hivyo, ile safari ya Batumi."
Nikavua, nguruwe wakishuhudia,
naye akazifunga kwenye injini, fundo juu ya fundo,
na ile Niva ikakohoa, ikaenda,
imevaa soksi zangu.

Saa kumi jioni hatukuwa Mestia.
Mlima ulikuwa umejilaza barabarani,
matope, mawe, na msonobari mzima umesimama wima
kana kwamba ndio wenye njia.
Mbele yetu lori la unga,
na padri anayetafuna mbegu za alizeti.
"Kesho," akasema mtu wa tingatinga.
"Kesho saa ngapi?" akauliza Tornike, kalamu mkononi.
Akatazamwa kama tulivyotazamwa na nguruwe.

Mvua. Akafungua begi abadili viatu,
akatoa buti ya kushoto.
Akatoa nyingine.
Ya kushoto.
Moja yake, moja ya baba,
zilizolala kabati moja tangu Novemba.
Sikucheka. Haikuwa saa tisa.

Usiku mwanamke akagonga kioo kwa fimbo.
Mzevinar, ndani ya koti la mwanamume, hakusema karibu.
Alisema, "Mkigandia humo, ni mimi nitakayesumbuliwa kuwazika. Njooni."
Tukala kubdari, mkate uliojaa nyama,
mafuta yakitufika viwikoni,
na Tornike akasinzia bado ameshika kipande.

Asubuhi tingatinga lilikuwa lingali linabishana na msonobari,
na Mzevinar alikuwa amepoteza ng'ombe,
Tsiala, mwenye mimba na kiburi.
"Nyinyi si mlikuja kupanda milima?
Mlima huo hapo. Ng'ombe yuko juu yake."

Tukapanda. Njia haikuwa na alama.
Kulikuwa na kinyesi kibichi, ndiyo ramani yetu.
Tornike, kwa zile buti zake,
alipinda polepole upande mmoja
kama gari lenye usukani mbovu,
na kila hatua ya kumi nikamsukuma arudi mstarini.

Ndipo ukungu ukapasuka: Ushba,
vilele viwili, theluji hadi shingoni,
na hapa karibu, kwenye majani ya kiunoni, Tsiala
akimlamba ndama ambaye masikio bado yamelowa.

Tornike akaketi kwenye umande.
Akaikunjua ratiba; mvua ilikwisha kuisoma na kuifuta.
Akaanza kucheka, kicheko kile cha baba
kinachoanzia puani na kuishia kwenye kikohozi,
na mimi nikashindwa kusimama.

Tulimbeba ndama kwa zamu.
Alitukojolea sote wawili bila upendeleo.
Penye uzio, bila kunitazama, akasema,
"Ile nyingine ya baba iko kule. Ya kulia.
Tuiache tu."
"Buti?"
"Na nyumba."

Maziwa ya Koruldi sijayaona hadi leo.
Niliyoyapata ni ya Tsiala, dang'a nzito ya manjano,
Mzevinar aliichemsha hadi ikagandamana
akatuwekea bakuli moja, vijiko viwili.
Tornike akatazama saa yake.
Akaivua, akaiweka dirishani,
akala.