Kipande cha Sabuni

Siku tano, ukumbi wa hoteli kule Himbi,
viti vya plastiki, chai ya maziwa, mikate,
na mwalimu Tshilumba, aliyetufikia kutoka Muanda
na kikohozi chake na sanduku la chuma.
Ndani ya sanduku, mawe membamba kama mishumaa,
yaliyochomolewa kilomita tatu chini.
"Shikeni. Hili lina mafuta."
Nikalishika. Kavu kuliko kisigino cha mama.

Mafuta yamo, akasema, ila hayatembei.
Vyumba vyake havina milango.
Basi ninyi ndio maseremala:
shindilieni maji mpaka mwamba uchoke.

Akachora mstari mwekundu ubaoni.
Unapanda, unapanda, kama bei ya makala,
kisha unadondoka.
"Hapo jiwe limesalimu amri. Mmejuaje?"
"Sindano imeshuka," akajibu Muhindo wa kiti cha mbele.
Mimi nilikuwa Majengo, usiku ule wa mlima,
mama anasali kwa sauti,
anasali,
halafu akaachia neno katikati.

Siku ya pili, hesabu ya maji.
Kisima kimoja: mita za ujazo elfu kumi.
Wenzangu wakapanga sifuri zao.
Mimi nikageuza kuwa bidoni, zile za njano, za lita ishirini.
Laki tano.
Nikaziona foleni pale Kituku, zinapanda barabara,
zinapita Birere, zinapita uwanja wa ndege,
na mbele kabisa Mama Kavugho
anagombana na mtu aliyeruka zamu.

Siku ya tatu umeme ulikatika.
Tukabaki na dirisha, na ziwa,
na gesi iliyolala humo isiyohitaji nyundo ya mtu.
Tshilumba akatazama kwa muda mrefu.
"Mmekalia chupa ya bia iliyotikiswa," akasema,
akacheka peke yake, akakohoa.

Siku ya nne, mchanga.
Maji yakitoka, ufa hutaka kufumba;
jiwe lina hamu ya kuwa zima tena.
Kwa hiyo maji huenda na punje,
punje ngumu, zilizopita chekeche,
zikasimame kati ya kuta mbili
dunia nzima ikiwa imeziegemea,
na mafuta yajipenyeze kando yake, polepole, miaka.
Nikanyoosha mkono: punje ikisagika?
"Husagika," akasema. "Ndiyo maana tunatuma nyingi."

Ijumaa, cheti, muhuri wa buluu,
picha moja, sote tumekenua.

"Wamekufunza nini siku zote hizo?"
"Kupasua jiwe kwa maji, mama."
Akageukia ukuta wa chumba chake,
ule ufa ulioingia usiku wa mlima bila kubisha hodi,
ukapanda kutoka sakafuni hadi dirishani.
Juu yake amepaka sabuni, vipande vitatu, vimekauka.
Ufa ukisogea, sabuni itakatika.
Sabuni ikikatika, tutabeba watoto na godoro.
Ndiyo mashine yake hiyo.
"Na kuuziba, je?"
Nikasema labda ni kozi nyingine.

Hakucheka. Akanipa bidoni mbili.

Niliporudi giza lilikuwa limeingia,
maji yananipiga miguuni, viatu vimejaa changarawe nyeusi.
Nikamulika ukuta kwa simu.
Vipande viwili, vizima.
Cha chini kina uzi, mwembamba kama unywele.
Ni ukuta umesogea, au sabuni imezeeka tu?
Siku tano, na hilo halikuwamo.

Nikakwangua cha zamani kwa kucha,
nikalowesha kipya, nikapaka, nikakibana kwa gumba
mpaka kikashika.
Mama kitandani, macho wazi, hajauliza kitu.
Nikatoa mfukoni kalamu nyekundu ya kozi
na kando ya sabuni, kwa mwandiko wa mhandisi,
nikaandika tarehe, na saa.